Soseji za pakiti: ndani mna nini hasa, na ile lebo ya nyuma inasomwaje

Wiki iliyopita mamdogo alinitumia voisi ya dakika 4, haikuwa yake, kaipata kwenye grupu la kwaya, sauti ya mtu anayeongea kwa uhakika kabisa kwamba soseji ni sawa na sigara, Shirika la Afya Duniani limeshasema ila watu wanafichwa, na kwamba zile soseji zimejaa plastiki na nyama ya punda. Chini yake mamdogo kaandika: "Mwanangu hii ni kweli? Maana mimi asubuhi nakula mbili."

Nilikaa na hilo swali siku nzima. Mamdogo ana presha, zaidi ya miaka 10 sasa, na kwenye dawa ni mtu mwaminifu kuliko wengi ninaowajua. Daktari alipomwambia apunguze chumvi, kidau cha chumvi kilitoka mezani siku ileile, nyama nyekundu akaacha, na ndo hapo akahamia kwenye soseji za kuku kwa sababu ni kuku, na kuku kila mtu anasema haina shida. Sasa yule wa kwenye voisi kamtisha kwa mambo matatu, moja lina ukweli nusu, mengine mawili kayakuza mno, halafu lile jambo moja linalomhusu mamdogo moja kwa moja hakuligusa kabisa. Chumvi.

Kwa hiyo nimeamua kuandika kwa urefu, kwa sababu naona si mamdogo peke yake. Soseji zimeingia kila mahali, kwenye lanchi boksi za watoto, kwenye chipsi za usiku, kwenye chai ya asubuhi, na wenzetu Nairobi wana smokie kwenye vitoroli kila kona, inapasuliwa katikati inajazwa kachumbari na mtu anakula huku anatembea. Tunakula sana kitu ambacho wengi hatujui kimeundwaje.

Tuanze na soseji yenyewe. Soseji ni nyama iliyosagwa ikachanganywa na mafuta, chumvi, maji na viungo, halafu ikajazwa kwenye ganda jembamba. Hiyo ndo maana ya msingi na ni ya zamani mno, watu walikuwa wanafanya hivyo kabla ya friji, ili mabaki ya nyama ya mnyama mmoja yasiharibike. Za pakiti unazoziona kwenye friza ya supamaketi ziko za namna mbili kubwa: mbichi, ambazo lazima zipikwe mpaka ndani, na zilizokwisha kupikwa kiwandani, mfano zile viena na smokie, ambazo zimechemshwa au zimepitishwa kwenye moshi na wewe unapasha tu. Kwenye pakiti wanaandika kama ni ya kupika kwanza au iko tayari. Angalia hilo kabla ya jambo lolote lingine maana watu wanachanganya na wanawapa watoto mbichi iliyopashwa juu juu.

Sasa hii sehemu ya kutengeneza naomba uisome taratibu, ukiielewa mengine yote yanajipanga yenyewe. Umeshawahi kukanda nyama ya kusaga kwa ajili ya kababu? Ukiweka chumvi ukakanda muda mrefu, nyama inaanza kunata, inashikana mikononi kama unga uliokandwa, ile haikuwa hivyo mwanzo. Kinachotokea ni kwamba chumvi inaivuta protini itoke ndani ya nyuzi za nyama, na hiyo protini ndo gundi. Kiwandani wanafanya kitu hichohicho ila kwa mashine yenye visu vinavyozunguka kwa kasi ya ajabu, nyama inasagwa mpaka inakuwa uji mzito, na ile gundi ya protini inazunguka vile vipande vidogo vya mafuta na kuvishikilia visijitenge. Visu vinapata moto, mafuta yakiyeyuka kazi imeharibika, kwa hiyo wanatia barafu humo humo. Barafu ni maji, na hayo maji yanabaki ndani ya soseji, yanashikiliwa na protini na pia na vitu vya kusaidia kama wanga, soya na fosfeti.

Umeona hapo? Chumvi kwenye soseji haikuwekwa kwa ajili ya ladha tu. Ni msumari wa nyumba. Ukiitoa yote soseji haishikani, inamwaga maji na mafuta kwenye kikaango, na pia haikai muda mrefu. Ndo maana karibu soseji yoyote utakayoshika, iwe ya ng'ombe, ya kuku, ya bata mzinga, ya bei ya juu au ya chini, ina chumvi nyingi. Unaweza kupata yenye nafuu kidogo ila usitegemee kupata isiyo nayo.

Kuhusu nyama yenyewe, kuna neno linazua maneno mengi. Kuku akishatolewa kidari na mapaja, mifupa inabaki na nyama iliyong'ang'ania, wewe nyumbani unaichemsha supu. Kiwandani ile mifupa inasukumwa kwa nguvu kwenye chujio, nyama laini inapita kama uji, mifupa inabaki nyuma. Kwenye lebo za Kiingereza utakuta herufi MDM au wanaandika kwa kirefu kwamba nyama imetenganishwa kwa mashine. Sio sumu na nchi nyingi inaruhusiwa, ila sio kidari, ina mafuta zaidi na ni ya bei rahisi, na mtu aliyekupa picha ya kidari cheupe mbele ya pakiti anatakiwa akuambie nyuma alichotia. Mara nyingi amekuambia kweli. Tatizo hatugeuzi pakiti.

Haya, tugeuze.

Kitu cha kwanza nyuma ya pakiti ni orodha ya viambato, na hiyo orodha haipangwi kwa herufi wala kwa mapenzi ya mwenye kiwanda, inapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwa hiyo ukikuta nyama ya ng'ombe, halafu maji, halafu mafuta, halafu wanga, basi maji ni mengi kuliko mafuta na mafuta ni mengi kuliko wanga. Ukikuta maji yako namba 2 usishtuke, ni kawaida kwa sababu ya ile barafu. Nitakachokutahadharisha ni pale nyama inapotajwa mara moja halafu inafuatwa na soya, wanga wa mahindi, ngano, na wanga mwingine tena wa viazi, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu vikigawanywa hivyo kila kimoja kinaonekana kidogo lakini ukivijumlisha ni vingi. Nyingine wanaandika kabisa asilimia ya nyama. Hiyo asilimia ndo ya kulinganisha unaposimama mbele ya friza na pakiti mbili mkononi, sio picha, sio jina. Na mwenye mtoto asiyepatana na ngano au soya hapa ndo mahali pake, asiamini neno nyama pale mbele.

Kitu cha pili ni jedwali la virutubisho. Hapa watu wengi wanapigwa chenga bila kujua, kwa sababu jedwali linaweza kuwa na safu mbili, moja kwa gramu 100 na nyingine kwa mlo mmoja, na huo mlo mmoja kauamua mwenye kiwanda, anaweza kusema mlo ni soseji moja wakati hakuna mtu mzima anayekula moja. Tumia ya gramu 100 ukilinganisha pakiti kwa pakiti, halafu ukitaka kujua umekula kiasi gani chukua uzito wa pakiti ugawanye kwa idadi ya soseji. Pakiti ya gramu 500 yenye soseji 10 maana yake kila moja ni gramu 50. Hesabu ya darasa la nne tu.

Nikupe mfano. Hii sio lebo ya kampuni fulani, ni namba ambazo ziko kwenye mstari uleule na soseji nyingi za aina hii. Tuseme kwa gramu 100 imeandikwa protini gramu 12, mafuta gramu 22, wanga gramu 6, sodiamu miligramu 850.

Protini na wanga kila gramu 1 inatoa kalori 4, mafuta kila gramu 1 inatoa kalori 9. Basi protini inatoa 48, wanga 24, mafuta 198, jumla 270. Angalia hiyo 198 ndani ya 270, yaani karibu robo tatu ya nguvu yote unayopata kwenye hiyo soseji inatoka kwenye mafuta. Mtu anakula akiamini anakula nyama, ila kwa upande wa kalori anakula mafuta yaliyofungwa na nyama kidogo. Na sehemu kubwa ya hayo mafuta, hasa kwenye za ng'ombe, ni yale yanayoganda yakipoa, yale ambayo tukiyala kwa wingi muda mrefu yanapandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli, kwenye damu.

Sasa jumlisha uzito. 12 na 22 na 6 ni 40, weka na chumvi na vikorokoro vingine vigramu vichache, haifiki 45. Kwenye gramu 100 zilizobaki 55 na zaidi zimeenda wapi? Ni maji. Lakini hapa niwatendee haki wenye viwanda, nyama mbichi yoyote ni maji kwa sehemu kubwa, steki ya ng'ombe isiyo na mafuta karibu robo tatu yake ni maji na protini ni kama gramu 21 kwa 100. Kwa hiyo maji sio wizi yenyewe kwa yenyewe. Ila ukitaka protini gramu 12 ungeweza kuzipata kwenye kipande cha steki cha kama gramu 60 tu, na huku unakula gramu 100 za soseji, na sehemu ya hizo gramu 12 inaweza kuwa imetoka kwenye soya.

Linganisha na yai, maana yai na soseji huwa wanakaa sahani moja. Yai moja lina protini kama gramu 6. Soseji yetu moja ya gramu 50 nayo ina gramu 6. Sare kabisa. Lakini yai lina mafuta kama gramu 5 na soseji ina 11, yai lina sodiamu kama miligramu 70 na soseji ina 425, hiyo ni mara 6. Maharage yaliyopikwa kikombe kimoja kinakupa protini zaidi ya soseji 2, na nyuzinyuzi juu, ambazo soseji haina karibu kabisa. Sisemi soseji haina kitu, ina vitamini B12, ina madini ya chuma na zinki kwa kiasi, ndani mna nyama kweli. Ila mzazi anayemfungia mtoto soseji akiamini kampa protini bora kuliko yai au maharage ya jana, namba hazimuungi mkono.

Sasa chumvi, ambayo ndo sababu ya mimi kuandika.

Lebo nyingi hazisemi chumvi, zinasema sodiamu, na watu wanapita hapo kama hawajaona kitu. Sodiamu ni sehemu ya chumvi, chumvi gramu 1 ina sodiamu kama miligramu 400. Kanuni ya kukumbuka ni moja: chukua sodiamu zidisha kwa 2 na nusu unapata chumvi. Miligramu 850 mara 2.5 ni 2,125, yaani gramu 2 na kidogo za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sodiamu miligramu 2,000 kwa siku, sawa na chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojazwa, na hicho ni kwa chakula chote cha siku nzima, ugali na mboga na mkate na kila kitu. Mtoto anatakiwa ale pungufu ya hapo.

Mamdogo anakula soseji 2 asubuhi. Kwa lebo ya mfano wetu hiyo ni sodiamu 850, zaidi ya asilimia 40 ya kiwango cha siku, saa 2 asubuhi, na mezani hakuna kidau cha chumvi, na moyoni ana amani kwamba chumvi ameshaacha. Mkate anaokula nao una chumvi. Akiweka na tomato sosi nayo ina chumvi. Mchana mboga imeungwa na kile kikiungo cha mchemraba, chumvi tena. Hii inaniuma kwa kweli, kwa sababu ametii alichoambiwa, ni vile tu hakuna aliyemwambia kwamba chumvi nyingine haionekani na wala haionjeki sana, mafuta na sukari kidogo vinaifunika ladha yake. Presha haina voisi ya kutisha, haiumi, ndo maana hatuiogopi, halafu siku moja mtu anaanguka na upande mmoja umepooza.

Tuje kwenye saratani na sigara, maana hapo ndo watu wanauliza zaidi.

Ni kweli kuna tangazo. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, inaitwa IARC na iko Lyon Ufaransa, ilikusanya wataalamu 22 kutoka nchi 10, wakapitia tafiti zaidi ya 800, wakaweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la 1, kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sigara nayo iko kundi la 1. Hapo ndo sentensi ya soseji ni sawa na sigara ilipozaliwa.

Lakini yale makundi hayapimi ukali wa kitu, yanapima uhakika wa ushahidi. Fikiria polisi wana uhakika asilimia mia kwamba mtu fulani kaiba kuku na wana uhakika huohuo kwamba mwingine kavunja benki, wote wawili watawekwa kwenye faili la waliothibitika, ila huwezi kusema wamefanya kosa la ukubwa mmoja. Shirika lenyewe lilieleza hivyo siku zile na likatoa makadirio: vifo vya saratani vinavyohusishwa na ulaji mkubwa wa nyama za kusindikwa ni kama 34,000 kwa mwaka duniani, wakati vya tumbaku ni kama milioni 1 na vya pombe kama 600,000. Kwa hiyo sio uongo kwamba kuna hatari, na sio kweli kwamba ni sawa na sigara.

Hatari yenyewe ni kiasi gani? Walisema kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku zinaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18. Hapa tena watu wanasikia 18 wanadhani kati ya watu 100 watu 18 wataugua. Hapana. Tuseme kwenye watu 100 ambao hawali, 5 wangepata hiyo saratani maishani mwao. Ongeza asilimia 18 ya hao 5, wanakuwa kama 6. Mtu mmoja zaidi kati ya 100, kwa kula kila siku, miaka na miaka. Kwa familia ya huyo mmoja sio kidogo, na ndo maana neno la msingi kwenye ile sentensi ni kila siku. Soseji 1 ya harusini na soseji 1 ya kila asubuhi ni mambo mawili tofauti.

Na hapa lazima niseme kuhusu kuku kwa sababu mamdogo alihamia huko. Maana ya nyama ya kusindikwa kwenye hilo tangazo ni nyama iliyobadilishwa kwa chumvi, kwa moshi, kwa kuchachushwa au kwa dawa za kuhifadhi, na walitaja wazi kwamba ndege wanaweza kuwemo. Kuku wa kuchemsha wa nyumbani hayumo. Soseji ya kuku inaweza kuwa na mafuta pungufu kidogo ya ile ya ng'ombe, sio zote, geuza pakiti uone, ila kwenye chumvi huwa ni ndugu wa tumbo moja.

Hizo dawa za kuhifadhi zenyewe ni nini? Kubwa ni nitriti, kwenye lebo inaandikwa E250. Herufi E na namba inatisha watu bure kidogo, ni orodha tu ya vitu vilivyopimwa na kupewa namba, hata vitamini C ina namba yake, E300. Nitriti ina kazi tatu, inaipa soseji rangi ya waridi, inaipa ile ladha yake, na kubwa kuliko zote inazuia bakteria mmoja anayetengeneza sumu kali mno ya botulizimu. Neno lenyewe botulizimu linatokana na neno la Kilatini la soseji, kwa sababu Ujerumani miaka ya 1820 daktari mmoja, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliopooza na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika, akaiita sumu ya soseji. Kwa hiyo nitriti haikuletwa na watu wabaya, ilisaidia kuondoa kifo cha haraka.

Upande wa pili ni kwamba nitriti ikikutana na protini, hasa kwenye moto mkali au tumboni, inaweza kuunda nitrosamini, na hizo ndo zinashukiwa kwenye saratani. Viwanda vingi vinaongeza E300, E301 au E316 kupunguza hilo, ukiziona kwenye lebo ujue ni hiyo kazi. Na wewe jikoni unaweza kusaidia kwa kutoikaanga mpaka iwe nyeusi. Ile iliyoungua ikapasuka ikawa kama mkaa, ambayo wengine wanaipenda, ndo mbaya zaidi.

Ile rangi ya waridi nayo isiwachanganye. Nyama ya kawaida ukiichemsha inageuka kijivu au kahawia, soseji yenye nitriti inabaki waridi hata ikiiva kabisa. Kwa hiyo waridi sio dalili kwamba ni mbichi, wala kahawia sio dalili kwamba imechacha.

Plastiki: ganda la soseji nyingi linatengenezwa kwa kolajeni, protini inayotoka kwenye ngozi ya ng'ombe, au ni utumbo wa mnyama, na linalika. Linavutika ndo maana watu wanasema ni plastiki. Baadhi ya soseji kubwa, zile za kukata vipande kama poloni, ganda la nje ni plastiki kweli na linatakiwa limenywe. Kolajeni inaweza kutoka kwa nguruwe pia, hivyo Muislamu asiishie kusoma neno ng'ombe, atafute alama ya halali.

Punda: hapa siwezi kumcheka mtu, kwa sababu Afrika Kusini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walipima bidhaa za nyama 139 zikiwemo soseji, na 95 zilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo. Vilivyotajwa zaidi ni nguruwe na kuku, na kwenye chache sana alionekana hata punda. Udanganyifu upo duniani. Ila hilo linajulikana maabara, halijulikani kwa kunusa, kwa kuchoma na kiberiti wala kwa voisi, na kwetu kitu cha kuanzia ni kununua pakiti iliyofungwa yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), jina la kiwanda na tarehe.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kweli na haisemwi. Kati ya 2017 na 2018 Afrika Kusini hiyohiyo watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa kwa bakteria anaitwa listeria, na Machi 2018 serikali ikatangaza chanzo ni poloni ya kiwandani. Listeria anakua hata ndani ya friji. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee ndo wanaoumia zaidi. Kwa hiyo hata kama pakiti imeandikwa iko tayari kuliwa, ipashe mpaka itoe mvuke, na kama umeme ulikatika siku nzima friza ikayeyuka, usiigandishe tena ukajifanya haikutokea.

Sasa shida kubwa ya hii elimu yote ya lebo ni kwamba wengi wetu soseji tunakula bandani kwa muuza chipsi, au tunanunua 3 au 4 zilizotolewa kwenye pakiti zikafungwa kwenye mfuko mweupe, hakuna lebo hapo. Ukiwa hapo chukulia kwamba ni za mafuta na chumvi za kutosha, na kumbuka zinazamishwa kwenye mafuta yaleyale ya chipsi, kisha juu anakunyunyizia chumvi tena. Hiyo chumvi ya juu unaweza kumwambia asiweke, na kachumbari muombe nyingi. Wengine wanasema kuichemsha kwanza kunaondoa kila kitu, hapana, kiasi cha mafuta na chumvi kinabaki kwenye maji ukiyamwaga, lakini nyingi bado imo.

Mamdogo nilimjibu kwa simu, sio kwa kuandika. Nikamwambia atoe ile pakiti friza anisomee nyuma, akavaa miwani, akasoma sodiamu kwa gramu 100, tukazidisha pamoja mara 2.5, kisha akanyamaza. Halafu akauliza, "Yaani hii ndo chumvi niliyoitoa mezani?" Nikamwambia ndiyo mamdogo, ndo yenyewe. Tumekubaliana soseji ni Jumapili, moja, na anaikata vipande vidogo anachanganya na mayai, nyanya na hoho, bila kuongeza chumvi yoyote kwa sababu ya kwake inatosha sufuria nzima. Siku nyingine ni yai, au maharage, au dagaa, ila dagaa anawaloweka na kuwaosha kwanza kwa sababu wale wa kuchemshwa na maji ya chumvi wana hadithi yao. Ameniambia pia mwezi huu kliniki wakimpima presha atanitumia namba.